Baba amekata embe

Sentensi niliiandika mimi mwenyewe ubaoni, kwa herufi kubwa za kuonekana mpaka dawati la nyuma kabisa: Baba amekataa embe.

Nikamwita mtoto mmoja wa dawati la tatu. Akaja mbele, akapokea kijiti, akakiweka chini ya neno la kwanza, akasoma bila kusita: "Baba amekata embe."

Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile, kijiti kikipita chini ya kila neno. Basi nikamuuliza swali la ufahamu: baba amefanya nini?

"Amekata embe, mwalimu. Ili watoto wale."

Wenzake wawili watatu wakacheka. Nikasema "hapana, rudi ukakae", nikamwita mwingine. Mchana nikiwa nasahihisha madaftari nikakuta ameandika jibu lilelile kwa mwandiko wake wa kulala upande. Nikalitia kosa kwa wino mwekundu, nikafunga daftari.

Kosa lile halikunitoka. Lilinirudia nikiwa napika, likanirudia njiani, likanirudia usiku nikiwa macho. Wiki ya kwanza nikajiambia ni uchovu. Wiki ya tatu nikakubali kwamba kuna kitu.

Yule mtoto alisoma. Alisoma sentensi nzima, akaielewa, akajibu kwa maneno yake, tena akaongeza sababu ya baba kukata embe. Kwa sentensi aliyoisikia kichwani mwake, jibu lilikuwa sahihi kabisa. Kilichopotea kilikuwa a moja, na sikumsaidia kuipata. Nilimwambia akakae.

## Vuta

Nimefundisha darasa la kwanza miaka tisa hapa Songea, na kwa miaka yote tisa maneno kama njaa, taa, mguu na choo nimeyafundisha kwa amri moja: vuta. Mtoto akisoma "nja", namwambia vuta. Akiandika "mgu" kwenye imla, namwongezea u na kumwambia: ukiona irabu mbili zimefuatana, vuta.

Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha naamini alifundishwa hivyohivyo.

Siku chache baada ya habari ya embe nilimrudisha yule mtoto ubaoni, safari hii watoto wengine wakiwa nje. Nikamwonyesha amekataa, nikamwambia vuta hapo.

Akavuta. "Amekaaata."

Nikasema, si hiyo, ya mwisho. Akatazama ubao, akatazama mdomo wangu, akavuta ya mwisho, lakini sauti yake ilikuwa imeshapanda kwenye ka, na ile a ya mwisho ikatoka kama ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto. Halikuwa kata wala kataa. Neno hilo hakuna mtu anayelisema.

Alikuwa ametii kila nilichomwambia.

## Wimbo wetu wa asubuhi

Kwa siku kadhaa niliamini shida iko kwake. Labda hasikii vizuri. Labda nyumbani hawazungumzi naye. Mwalimu akichoka husogeza kosa nyumbani kwa mtoto, na mimi nilikuwa nimechoka.

Kisha asubuhi moja niliweka simu juu ya meza na kurekodi darasa likiimba silabi. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka kusikiliza tu, maana ukiwa mbele ya watoto 87 husikii sauti ya mmoja mmoja, unasikia mvumo.

Nikaisikiliza ofisini saa ya uji, sauti nimeipunguza.

Kaaa, keee, kiii, kooo, kuuu.

Nikarudisha nyuma. Maaa-maaa. Baaa-baaa. Kila silabi ndefu, kila silabi imevutwa sawa na jirani yake, kwa sababu ndivyo watoto wengi wanavyokwenda pamoja: wanasubiriana. "Ka" ya kwaya yetu ilikuwa ndefu kuliko "kaa" ya mama yeyote anayemwambia mwanawe akae.

Nikaweka kikombe chini.

Tangu Januari nilikuwa nikiwafundisha kila siku, kwa sauti ya pamoja, kwamba urefu wa irabu hauna maana yoyote. Mama ikivutwa ni mama, isipovutwa ni mama. Halafu mwezi wa sita nasimama mbele yao na kusema: sasa huu urefu una maana, vuta. Nilikuwa nimekwisha kuuondolea maana mimi mwenyewe, kwa wimbo ninaoupenda.

Nilipata jambo la pili siku hiyohiyo, na lilinitisha zaidi. Ukutani kuna chati yenye picha ya taa ya chemli na neno taa chini yake. Nikaandika ubaoni "ta", peke yake, nikauliza ni nini hii. Darasa zima: taaa! Nikaongeza a. Taaa! Nikaongeza ya tatu, ambayo si neno kabisa. Taaa!

Hawakuwa wakisoma herufi. Walikuwa wakiisoma ile chemli ya ukutani.

## Uwanjani

Mapumziko yale yule mtoto alikuwa anagombea mpira wa makaratasi na mwenzake chini ya mwembe. Mwenzake anataka awe kipa. Yeye anajitoa mikononi, anapiga kelele: "Nakataa! Nakataa!"

Nilisimama pale kama niliyesahau ninakokwenda.

Mtoto huyu analijua neno. Analijua vizuri kuliko ninavyoweza kumfundisha. Hajawahi, tangu aanze kusema, kumwambia mama yake "nakata" akimaanisha hataki. Na alipolisema pale uwanjani hakulivuta. Alilisema upesi, kwa hasira, na bado kila mtu alijua ni kataa.

Kwa nini?

Tukiwa sekondari tulifundishwa kwamba mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mfano ulikuwa uleule kila mwaka, barabara ya kupita magari na barabara ya sawasawa. Niliukariri, nikafaulu nao. Hakuna aliyenionyesha kata na kataa, na mimi sikujiongeza. Kata ni silabi mbili, sauti inapanda kwenye ka. Kataa ni silabi tatu, ka-ta-a, kwa hiyo sauti inahama, inapanda kwenye ta. Sikio la mtoto halipimi urefu kwa rula. Linasikia sauti imesimama wapi. Ndiyo maana "amekaaata" yake haikuwa na maana kwake wala kwangu: aliongeza urefu bila kuhamisha sauti, kwa sababu nilimwambia aongeze urefu.

Shanga na shangaa. Chaka na chakaa. Kondo na kondoo. Niliyaandika nyuma ya andalio la somo, nikawa nayasema kimyakimya njia nzima ya kurudi nyumbani, nikisikiliza sauti inavyohama.

## Vizibo

Jumatatu niliacha wimbo. Tukapiga makofi.

Kata: makofi mawili. Kataa: matatu. Saa: mawili. Mguu: hapo tulibishana sana, maana ile m ya mwanzo nayo ni silabi na ina haki ya kofi lake, m-gu-u, matatu. Kila mtoto nilimpa vizibo vya soda, akawa anaweka kizibo kimoja mezani kwa kila kofi, ndipo naandika neno ubaoni. Sauti kwanza, herufi baadaye. Kizibo cha mwisho cha kataa ni a inayojitegemea, na tuliiita hivyo: a yenye kizibo chake.

Ilisaidia. Lakini yule mtoto bado, akirudi kwenye sentensi ndefu, macho yake yaliruka ile a ya pili. Makofi anayapiga sawasawa, akisoma anasahau. Nilianza kukata tamaa, na nadhani naye alianza, kwa sababu alipunguza kunyoosha kidole.

## Sikatai

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwenye andalio.

Ilikuwa Alhamisi, karibu na kengele. Nikawauliza darasa kwa kuzungumza tu: nikiwapa embe, mtakataa?

"Hatukatai!"

Nikamgeukia yeye. Wewe je?

"Sikatai, mwalimu."

Nikaandika ubaoni, Sikatai. Nikaandika pembeni yake, Sikati. Nikampa kijiti. Akasoma la kwanza, akasoma la pili, yote mawili sahihi, kila moja na sauti yake mahali pake, akacheka kidogo kwa sababu aliisikia tofauti mwenyewe. Kisha, nikiwa sijui vizuri ninafanya nini, nikafuta ile i ya sikatai nikaweka a. Nikafuta Si nikaweka Na.

Akatazama. Midomo yake ikacheza bila sauti. "Na-ka-ta-a." Kimya. "Nakataa."

Bila kuvuta.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hilo lilifanya kazi pale vizibo viliposhindwa, na jibu ninaloliona ni hili. Katika kataa, a ya mwisho ni ile a ya mwisho ya vitenzi vyetu vingi, ile ya soma na lala na piga. Ukikanusha inakuwa i, sikatai. Ukiomba inakuwa e, asikatae. Inabadilika kila siku mdomoni mwa mtoto huku ile a ya kwanza ikibaki palepale. Ni mbili tofauti, kila moja na kazi yake, na kwa bahati mbaya tu katika kataa zimefanana sura. Mtoto akiziona zikiwa hazifanani, ai, ae, macho yake hayawezi kuruka moja. Akishazizoea hivyo, hata zikifanana anajua ziko mbili.

Kaa, asikae, hakai. Zaa, asizae, hazai. Vaa, asivae, havai. Yote wanayajua. Walikuja nayo shuleni kutoka nyumbani, na mimi nilianza na lile umbo moja tu ambalo linaficha.

## Khala pansi

Mama yangu ni wa Mbamba Bay, kandokando ya Ziwa Nyasa, na lugha yake ya kwanza ni Kinyanja. Nilimsimulia habari hizi jioni moja akiwa anapepea jiko. Akasema, lakini hiyo a yenu ya pili sisi tunaijua, nyinyi mmeikatia njia.

Kisha akataja moja moja. Njaa ni njala. Mkaa ni makala. Na mtu akimkaribisha mgeni akae chini husema khala pansi.

Njala, makala, khala. Nimezisikia maisha yangu yote. Sikuwahi kuziweka kando ya njaa, mkaa na kaa.

Wanaosoma historia ya lugha za Kibantu hulieleza hili: Kiswahili kilikuwa na l katikati ya irabu hizo, ikadondoka, irabu mbili zikabaki zimekaribiana. Majirani wengi bado wanayo, au wana r mahali pake. Njaa kwa Kiganda ni enjala, kwa Kinyarwanda ni inzara. Kuzaa kwa Kiganda ni okuzaala, kwa Kinyarwanda ni kubyara. Na hata sisi hatujaipoteza yote. Nimezaliwa. Amekataliwa. Kalia kiti hiki. Ile l iko pale, inarudi neno likirefuka. Mtu aliyekatwa na mtu aliyekataliwa hakuna anayewachanganya.

Nikapata kiu ya kutaka kujua na maneno mengine, yale ya baada, maana, saa. Jirani yetu ni ustadhi wa madrasa, nikamuuliza getini. Akayasema kwa Kiarabu, na katika yote matatu nikasikia ile herufi ain, sauti ya kooni ambayo sisi tumeiacha. Na maarifa ni hivyohivyo, na taarifa, na jamaa, na Ijumaa. Kwa hiyo huku ni l iliyoondoka, kule ni ain iliyoondoka, na pote pawili irabu zilibaki mbili, kila moja imesimama kwa miguu yake.

Mtoto wa miaka saba hahitaji kujua haya, na sikuyasema darasani. Niliyahitaji mimi, nipate kuacha kusema vuta. Kuvuta ni kuifanya irabu ya pili kuwa mkia wa ya kwanza. Haijawahi kuwa mkia.

## Mashaka yaliyobaki

Njia ya sikatai ni ya vitenzi. Majina hayakanushwi. Mengine nimeyapatia njia kwa kuongeza ni: mguu ukiwa mguuni sauti inahamia kwenye u ya pili, haiwezi tena kurukwa, na hivyohivyo chooni na mkaani. Lakini njaa? Jogoo? Hayo bado nayapigia makofi, na kuna watoto ambao hayajawaingia.

Halafu kuna suala la muda. Tangu mtaala wa 2015 uyape madarasa haya mawili ya mwanzo kazi kuu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, sote tunajua tunachodaiwa, na sina ugomvi nacho. Mtoto asiyejua kusoma akifika darasa la tatu anaumia kila somo. Lakini kusoma hupimwa pia kwa saa, maneno mangapi sahihi kwa dakika moja, na mtoto anayekimbizana na dakika ndiye anayemeza irabu. Nilitumia wiki tatu kwenye jambo ambalo andalio liliipa vipindi viwili. Darasa la kwanza lingine, mlango wa pili, walikuwa tayari kwenye mwa na nywa. Kila asubuhi nilisikia wenzetu wanavyokwenda mbele, na kila asubuhi nilijiuliza kama ninawachelewesha watoto 87 kwa sababu ya mmoja.

Sasa nadhani hakuwa mmoja. Alikuwa peke yake aliyeitwa mbele siku ile.

Na ninawaza sisi wakubwa. Fungua simu yako usome ujumbe wa leo. Badae. Badhi ya watu. Shikamo mama. Mimi mwenyewe, kwa miaka, niliandika waalimu ubaoni mpaka siku nilipofungua kamusi nikakuta walimu. Na pale tunapoongeza irabu tunaongeza kwa hisia, sawaaa, jamaniii, asanteee, kama kwaya yangu ya asubuhi. Mtoto anayejifunza kusoma siku hizi anachungulia simu ya dada yake. Anaona irabu zinaongezwa na kupunguzwa kwa kadiri ya furaha ya mwandishi. Tutamwambiaje kwamba darasani a moja inatenganisha baba aliyekata na baba aliyekataa?

Lakini hebu nirudi kwenye shikamoo. Ndilo neno la kwanza la kila siku ya shule. Shi-ka-mo-o, sauti juu ya mo, a yake na o zake mahali pake, wote 87 wanalisema bila kosa kabla hawajakaa. Nilipowaambia wapige makofi ya shikamoo walishangaa wenyewe kukuta ni manne. Siku hizi tunaanza nalo.

## Daftari

Wiki iliyopita nilimwomba yule mtoto daftari lake. Nikafungua ukurasa ule. Kosa bado lipo, jekundu, na sikulifuta, kwa sababu kufuta si kusema kitu. Nikachora mstari mdogo chini ya jibu lake, nikatia alama ya vema pembeni, nikamweleza: jibu hili lilikuwa jibu zuri la sentensi uliyoisoma. Mwalimu alikuwa hajakuonyesha vizuri ile nyingine.

Akatikisa kichwa kama mtu mzima anayepokea salamu.

Nikaandika sentensi ile tena, si ubaoni, kwenye daftari, tukiwa tumekaa pamoja kwenye dawati. Akaiwekea kidole. "Baba amekataa embe." Sauti ilipanda kwenye ta na kushuka taratibu kwenye a ya mwisho.

Nikajiandaa kuuliza lile swali la ufahamu. Akaniwahi.

"Mwalimu, kwa nini amekataa?"

Sikuwa na jibu. Sentensi niliitunga kwa ajili ya irabu, sikumfikiria huyo baba hata kidogo. Nikamwambia sijui, wewe unaonaje.

Akafikiri, kidole bado kiko chini ya embe.

"Labda halijakomaa."

Nikampa kalamu, nikamwambia aandike.